Nywila ngumu si dawa: Jinsi programu zinavyowachosha watumiaji na kuwapa wezi mwanya

SI ajabu katika ofisi nyingi kukuta kijikaratasi kimebandikwa pembeni mwa skrini ya tarakilishi, kikiwa kimeandikwa neno la siri ambalo mwenyewe aliagizwa asimfichulie mtu yeyote.

Mkubwa wa idara akikiona hukemea. Naye fundi wa mitambo hutikisa kichwa na kulalamika kwamba wafanyakazi ni wazembe, na kwamba hakuna kinga iwezayo kumwokoa mtu asiyejali mali yake.

Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya miaka 20 umedhihirisha kuwa lawama hiyo aghalabu humwangukia asiyestahili. Mwaka wa 1999, watafiti Anne Adams na Angela Sasse wa chuo kikuu cha University College London walichapisha makala iliyosisitiza kuwa mtumiaji si adui wa usalama. Walieleza kuwa watu hukiuka kanuni za nywila kwa sababu kanuni zenyewe haziafikiani na kazi wanazotakiwa kuzikamilisha, na kwa sababu hakuna anayewaeleza hatari halisi ni ipi.

Suala hili si la wataalamu pekee. Leo hii mshahara, akiba ya chama, matokeo ya mitihani na rekodi za hospitali huhifadhiwa nyuma ya maneno machache ya siri. Anayeshindwa kuelewa mahali wezi wanapopitia hujikuta akifunga dirisha kwa makufuli matatu huku mlango ukiwa wazi.

Chimbuko la nywila

Matumizi ya nywila katika tarakilishi yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika taasisi ya MIT nchini Marekani. Wakati huo tarakilishi moja kubwa ilitumiwa na watu wengi, na mwanasayansi Fernando Corbató na wenzake wakabuni mfumo wa kumwezesha kila mtu kuwa na faili zake na muda wake wa kazi. Nywila ilikuwa njia rahisi ya kumtenganisha mtumiaji mmoja na mwingine.

Haikuchukua muda kabla ya ulinzi huo kuvunjwa. Mnamo 1962, mwanafunzi wa uzamifu Allan Scherr, ambaye aliona muda aliotengewa haumtoshi, aliagiza mtambo umchapishie faili lililokuwa na nywila za watumiaji wote. Aliyapata yote kwenye karatasi.

Miaka michache baadaye, hitilafu katika mfumo uo huo ilichanganya faili mbili, na kila aliyeingia akaonyeshwa orodha ya nywila za wenzake badala ya tangazo la siku.

Katika visa hivyo viwili, hapakuwa na mtumiaji yeyote aliyezembea. Hata kama nywila zao zingekuwa na herufi 50, zingesomeka vivyo hivyo, kwa kuwa aliyezihifadhi alizihifadhi waziwazi.

Corbató, aliyefariki mwaka wa 2019, aliishi kuona matunda ya ubunifu wake. Akihojiwa na gazeti la The Wall Street Journal mwaka wa 2014, alikiri kwamba nywila zimegeuka kuwa jinamizi tangu intaneti ilipoenea.

Kanuni zilizozaa karaha

Wengi wameshawahi kukumbana na agizo hili: nywila iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, kisha ibadilishwe kila baada ya siku 90. Kanuni hizo zilienea kutokana na mwongozo ulioandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Bill Burr, aliyekuwa afisa wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia viwango.

Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba mwongozo haukuzingatia jinsi binadamu anavyofikiri akiwa na haraka. Mtu akilazimishwa kutia herufi kubwa, huiweka mwanzoni. Akiambiwa atie tarakimu, huiweka mwishoni, na alama ya mshangao hufuata. Hivyo basi "nairobi" huwa "Nairobi1!" na siku 90 zikiisha huwa "Nairobi2!".

Wadukuzi wanaujua mtindo huo vyema, na programu zao za kubahatisha huanzia hapo hapo.

Mnamo 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 10,000 ambazo wenyewe walilazimika kubadilisha nywila mara kwa mara. Walibaini kuwa mtu aliyeijua nywila ya zamani angeweza kuibahatisha mpya kwa majaribio yasiyofika matano katika asilimia 17 ya akaunti hizo. Maana yake ni kuwa usumbufu wote wa kubadilisha ulileta faida haba.

Hatimaye, mnamo Juni 2017, NIST ilitoa mwongozo mpya uliopindua ule wa awali. Mashirika yalishauriwa yasiwalazimishe watu kuchanganya aina za herufi, wala yasiwatake wabadilishe nywila kila baada ya muda fulani isipokuwa pana ushahidi kwamba imevuja. Yalihimizwa badala yake kuruhusu nywila ndefu, na kukataa zile ambazo tayari zimo katika orodha za nywila zilizoibwa.

Mwaka uo huo, Burr, ambaye alikuwa amestaafu, aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba alijutia mengi ya yale aliyoyaandika. Licha ya hayo, mashirika mengi yangali yanashikilia kanuni za zamani, kama mtu anayeendelea kumeza dawa ambayo daktari alishaifuta.

Ufunguo mmoja, nyumba kumi

Ikiwa ugumu wa nywila si kiini cha tatizo, hatari iko wapi? Jibu liko katika kisa cha Desemba 2009, wakati kampuni ya Marekani ya RockYou, iliyotengeneza michezo na vikorokoro vya mitandao ya kijamii, ilipodukuliwa na nywila takriban milioni 32 zikaibwa.

Kampuni hiyo ilizihifadhi zikiwa wazi, bila kuzificha kwa hesabu zozote. Wachunguzi walipozichambua, waligundua kuwa watu wapatao 290,000 walitumia nywila moja: 123456.

Watu wengi hucheka wakisikia hivyo. Hata hivyo, aliyetumia nywila ngumu ajabu katika tovuti hiyo hakunusurika pia, kwa maana yake nayo ilisomeka kama ilivyo. Ikiwa nywila iyo hiyo ndiyo aliyoitumia katika barua-pepe yake, basi aliukabidhi ufunguo wa nyumba yake kwa mtu asiyemjua.

Hivi ndivyo wizi mwingi unavyofanyika. Wahalifu hawaketi kubahatisha nywila ya mtu mmoja usiku kucha. Huchukua mamilioni ya nywila zilizoibwa kwenye tovuti moja dhaifu, kisha huziagiza programu zao zizijaribu katika benki, barua-pepe na mitandao mingine.

Barua-pepe ndiyo yenye thamani zaidi. Mtu akisahau nywila ya huduma nyingine yoyote, kiungo cha kuweka mpya hutumwa huko. Aliyeteka barua-pepe ya mtu hana haja ya kuiba kingine, kwani milango iliyobaki itafunguliwa kwa hiari.

Onyo likizidi halisikiki

Mbali na nywila, kero nyingine kuu ni maonyo yasiyokwisha. Kampuni ya Microsoft ilipouzindulia umma mfumo wa Windows Vista mnamo Januari 2007, iliweka kinga iliyomwomba mtumiaji idhini kabla ya mabadiliko mengi kufanywa. Malalamiko yalikuwa mengi, na katika Windows 7 ya mwaka wa 2009 maswali hayo yalipunguzwa.

Kisa na maana ni kuwa mtu anayeulizwa jambo lile lile mara 20 kwa siku huacha kulisoma. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2015 ulitumia mitambo ya MRI kupima ubongo wa watu waliokuwa wakionyeshwa maonyo ya tarakilishi. Ilibainika kuwa ubongo hupunguza mno umakini wake onyo linapoonekana mara ya pili tu.

Kwa hivyo, anayebonyeza "ndiyo" bila kusoma si mpumbavu. Ubongo wake umefanya kile ambacho ubongo wa kila binadamu hufanya anapozoea kelele.

Aidha, zipo nyakati ambapo programu yenyewe humficha mtumiaji ukweli aliouhitaji. Mnamo Mei 4, 2000, virusi vilivyoanzia Ufilipino vilisambaa kote duniani kupitia barua-pepe yenye kichwa kilichosema "Nakupenda" kwa Kiingereza. Kiambatisho chake kilionekana kama waraka wa maandishi matupu wenye tamati ya TXT.

Jina kamili la faili hilo liliishia na VBS, dalili kwamba lilikuwa programu ya kutekeleza amri. Lakini Windows ilikuwa imepangwa na watengenezaji wake kuficha tamati ya jina la faili ili skrini ionekane nadhifu. Mamilioni waliolifungua waliambiwa baadaye kuwa walikosa uangalifu, ilhali kilichofaa kuangaliwa kilikuwa kimefichwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna ugumu wa ziada. Onyo kuhusu "cheti" au "itifaki" lililoandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi halieleweki hata kwa Mwingereza wa kawaida, sembuse mkulima wa Kitui au mchuuzi wa Kongowea. Juhudi za kuziba pengo hilo si ngeni: mnamo 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ingawa kampuni kubwa nazo zilifuata baadaye, programu nyingi bado humwonya mtumiaji kwa lugha asiyoizungumza nyumbani.

Kiraka kisichoshonwa

Pengine hakuna tabia inayolaumiwa zaidi ya kuahirisha kusasisha programu. Hapa lawama ina uzito, kwani madhara yake yamewahi kufika hadi vitandani mwa wagonjwa.

Mnamo Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa hatari katika Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, virusi vya WannaCry viliupitia ufa huo na kufunga mafaili ya tarakilishi zaidi ya 200,000 katika mataifa yapatayo 150, huku vikidai fidia ili yafunguliwe.

Nchini Uingereza, huduma ya afya ya umma iliathirika vibaya. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali nchini humo aliripoti kuwa taasisi 81 kati ya 236 za huduma hiyo katika eneo la England zilivurugwa, na ilikadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutiliwa mbali. Baadhi ya hospitali zililazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine.

Kiraka kilikuwepo, tena bila malipo. Kilichokosekana ni mtu wa kukishona.

Lakini hata hapa ni vyema kuuliza kwa nini watu huahirisha. Kwa Mkenya anayenunua intaneti kwa vifurushi, sasisho kubwa linaweza kumaliza alichonunua kwa wiki nzima. Tarakilishi huomba kuzimwa na kuwashwa upya katikati ya kazi. Baada ya kusasishwa, vitufe huwa vimehamishwa na kilichofanya kazi jana hakifanyi leo. Wenye nakala za bandia, zilizozoeleka katika saiba nyingi, huzima masasisho kabisa kwa kuhofia kugunduliwa.

Hofu ya sasisho kuharibu mambo nayo si ya kufikirika. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho lenye hitilafu kutoka kwa kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima tarakilishi zipatazo milioni 8.5 kote duniani na kukwamisha safari za ndege, benki na hospitali.

Ukilinganisha, hata hivyo, mizani inaegemea upande wa kusasisha. Hitilafu kama ile ya 2024 hutokea kwa nadra na hurekebishwa na mwenye programu, ilhali ufa usiozibwa hubaki wazi kwa kila mwizi na kwa miaka mingi. Jambo hili ni muhimu zaidi sasa, kwa kuwa Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na tarakilishi nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mwenye mtambo wa aina hiyo anafaa kuchunguza iwapo anaweza kupata muda wa ziada wa masasisho au kuhamia mfumo mwingine.

Tarakimu nne na simu ya tapeli

Kwa Wakenya wengi, nywila inayogusa mfuko moja kwa moja ni ile ya M-Pesa, huduma iliyozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000 pekee, idadi ambayo tarakilishi inaweza kuimaliza kufumba na kufumbua.

Mbona basi haivunjwi kila siku? Ni kwa sababu mfumo humfungia anayekosea baada ya majaribio machache. Funzo ni kuwa ulinzi uliojengwa vizuri na mwenye huduma unaweza kumruhusu mtumiaji awe na neno fupi la siri analoweza kulikumbuka.

Ulinzi huo hupungua mtu akichagua tarakimu zinazokisika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2012 kuhusu tarakimu nne milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja ulionyesha kuwa karibu asilimia 11 zilikuwa 1234. Miaka ya kuzaliwa pia ilipendwa sana. Mwizi aliyepora simu pamoja na kitambulisho huujua mwaka huo papo hapo.

Kwa kuwa kubahatisha ni kugumu, matapeli huamua kuuliza. Humpigia mtu simu wakijidai ni wahudumu wa wateja, wakadai laini yake inakaribia kufungwa au kwamba pesa zimetumwa kwake kimakosa. Wengine hutafuta nambari ya kitambulisho na habari nyingine ili waihamishie laini yake kwenye kadi yao, kisha wapokee ujumbe wa siri unaotumwa na benki.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 humtoza anayeingia katika mfumo bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Lakini pesa zikishapita katika laini kadhaa na kutolewa taslimu, ni vigumu kuzirejesha. Tahadhari huja kabla ya hatari.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo yote, mtumiaji hana haja ya kubeba kanuni 30. Machache yafuatayo yanamkinga dhidi ya sehemu kubwa ya hatari.

Kwanza, barua-pepe iwe na nywila yake pekee isiyotumika kwingine kokote. Njia rahisi ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, mathalani jina la chombo cha jikoni, mnyama, mji na tunda. Maneno manne yakichaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776, michanganyiko huzidi trilioni 3,000. Methali au aya inayojulikana haifai, kwa kuwa misemo maarufu imo katika orodha za wadukuzi.

Pili, nywila nyingine zihifadhiwe katika programu maalumu ya kutunza nywila. Asiyeweza kuitumia anaweza kuziandika katika daftari linalofungiwa kabatini nyumbani. Mwizi aliye ng'ambo hawezi kufungua kabati hilo, bali anaweza kujaribu nywila moja katika tovuti kumi. Kosa la kile kijikaratasi cha ofisini si kuandikwa, bali ni kubandikwa mbele ya kila apitaye.

Tatu, huduma muhimu ziwekewe hatua ya pili ya uthibitisho, yaani nambari inayotokea kwenye simu kila mara mtu anapoingia kutoka mtambo mpya. Nambari hiyo, sawa na ile ya M-Pesa, haipaswi kutajiwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki. Anayepokea simu ya aina hiyo aikate, kisha apige mwenyewe nambari rasmi ya huduma.

Nne, masasisho yaruhusiwe kujipakua yenyewe, hasa mahali penye intaneti isiyopimwa, na mtambo uzimwe na kuwashwa upya kazi inapokwisha jioni. Nakala ya mafaili ya thamani iwekwe pia mahali pengine mbali na tarakilishi hiyo, ili hata virusi vya kudai fidia vikiingia, mwenyewe asipoteze kila kitu.

Mashirika nayo yana wajibu mkubwa zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inayataka yaweke mikakati ya kulinda habari za watu, na yamfahamishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua kuwa habari zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Kumlazimisha karani abadilishe nywila kila baada ya miezi mitatu hakuondoi wajibu huo.

Mwajiri anayetaka usalama angeanza kwa kuhesabu nywila ambazo mfanyakazi wake anatakiwa kuzikumbuka kwa siku moja, na maonyo anayotakiwa kuyasoma. Iwapo idadi hiyo inamshinda yeye mwenyewe, basi asitarajie wengine waiweze. Mtumiaji ana sehemu yake na mwenye mtambo ana yake, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.